Hamira ya Mjomba Uthman

Mugutha, Ruiru
3 Machi 1996

Shikamoo Mjomba Uthman,

Assalaam aleikum. Natumaini Idi iliwaacha salama na goti la Anti Mwanamisi limepata nafuu. Sisi hatujambo. Mama ana kikohozi ambacho yeye anasema si kikohozi, kwa hivyo hataki dawa. Paka amezaa ndani ya kabati la vyombo. Mama, ambaye humfukuza kila siku, ndiye anayempelekea maziwa.

Mjomba, nina shida na wewe ndiye wa kunitoa. Nahitaji hamira. Si ya chapati. Nataka gramu mia mbili kila wiki, ile mbichi ya vipande mnayotumia hapo bekari.

Nikueleze kwa nini, usije ukadhani nimeanza kuuza mandazi. Ndani ya kila kilicho hai, wewe, mimi, paka, hata hamira, kuna ujenzi wa protini usiosimama. Kuna fundi, na kuna mahamali wadogo sana wanaomletea vifaa. Kila hamali hubeba kifaa cha aina moja tu, na hukishusha pale tu maagizo yanapomwita. Mahamali hao tunawaita tRNA.

Ukitaka kuwachunguza unahitaji wengi, na kuna njia tatu za kuwapata. Ya kwanza ni ya zamani: unaikoroga hamira na fenoli, dawa inayochoma ngozi, halafu mahamali wanabaki kwenye maji. Ya pili unawafuga bakteria na kuwapa maagizo wakutengenezee hamali mmoja kwa wingi. Ya tatu ni mpya: hutumii kiumbe chochote, unamtengeneza hamali ndani ya kichupa kwa kimeng'enya kinachonakili maagizo. Daktari Gachanja, msimamizi wangu, anaipenda hiyo ya tatu kama mtu anavyopenda gari alilolinunua mwenyewe.

Kazi yangu ni kuzilinganisha zote kwa haki: ipi inatoa wengi, ipi inatoa safi, na ni mahamali wa ipi wanaobeba mzigo kweli. Mwezi wa Novemba nitasimama mbele ya watahini. Wakiridhika, nitapewa nafasi ya kufundisha hapa chuoni. Wasiporidhika, ufadhili umekwisha na miaka miwili imepotea.

Musau wa gari lenu hushusha mkate Ruiru kila Jumatano. Amwachie Tabby dukani kwake, nitapitia.

Mpwa wako,
Ikhlas


Majengo, Thika
9 Machi 1996

Kwa mpwa wangu Ikhlas,

Waaleikum salaam. Goti la Anti yako lipo palepale. Anasema lilipata nafuu siku tatu za Idi kwa sababu hakuna aliyemwambia ainuke. Mwambie mama yako kwamba hata marehemu baba yetu alikuwa na kikohozi ambacho si kikohozi, na daktari hakukubaliana naye.

Umefanya vizuri kuandika. Simu ya bekari iko juu ya meza ya mwenye bekari, na yeye humsikilizia kila mtu.

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili kwa miwani. Nilichoelewa ni kwamba unataka hamira ili uiue. Mimi kwa miaka thelathini na moja nimekuwa nikiiweka hai mpaka iingie tanuri, na hapo nami naiua. Kwa hivyo sina la kukulaumu.

Utaipata kila Jumatano. Musau atakuletea kwenye mkebe wa maziwa wenye barafu. Mkebe urudi. Mwenye bekari amesema hamira ni kitu kidogo, chukua.

Nina swali moja. Huyo hamali wa kichupa, ambaye hakuzaliwa na chochote, nani anamfundisha kazi?

Mjomba wako,
Uthman


Mugutha, Ruiru
21 Aprili 1996

Shikamoo Mjomba,

Assalaam aleikum. Mama amekubali kwamba ni kikohozi. Paka wamebaki wawili, wengine tumewagawa. Tabby amechukua mmoja na kumpa jina la mume wake, sikuuliza zaidi.

Swali lako ndilo swali lenyewe! Nilimsomea Daktari Gachanja akaniomba nilisome tena, jambo ambalo si kawaida yake. Hamali wa hamira akishaumbwa hutiwa alama ndogondogo mwilini, kama kiti kinavyopigwa msasa kikishaundwa. Wa kichupa hana alama hizo. Anabeba mzigo, lakini hatujui anabeba vizuri kiasi gani. Ila ni msafi, hakuchanganyika na mwingine, wakati wa hamira wanakuja wote kwa pamoja na mimi nakaa siku nne kumtafuta mmoja ninayemtaka.

Sasa sikia. Vitabu vinasema gramu mia mbili za hamira zitanipa miligramu mia mbili na themanini hivi za tRNA. Yako imenipa mia nne na kumi. Nikarudia. Mia nne na tano. Gachanja akaangalia mizani, akaipima kwa mawe, akaiangalia tena. Mizani haina neno.

Kimeng'enya cha kichupa, kwa upande wake, kilifika uwanja wa ndege siku ya Ijumaa kikakaa huko hadi Jumanne, na barafu ikawa maji. Gachanja ameagiza kingine. Siku hiyo hakula.

Kwenye tasnifu nimeandika hivi: "Hamira mbichi ya bekari, ikatumiwa kama ilivyopokelewa." Ni sahihi?

Ikhlas


Majengo, Thika
30 Aprili 1996

Ikhlas mpwa wangu,

Waaleikum salaam. Nimefurahi kuhusu mama yako. Anti Mwanamisi anaomba paka waliobaki wasiletwe Thika.

Ni sahihi. Uliipokea, ukaitumia.

Nimewaambia wenzangu hapa kuhusu mia nne na kumi. Walitaka kujua ni mikate mingapi. Nikawaambia huo ni uzito wa mahamali, wakauliza mahamali gani, nikaona nirudi kwenye unga. Lakini nimefurahi, Ikhlas, na sitaficha. Nilitembea kifua mbele hata nikienda kuanika mifuko ya unga.

Kijana wa mwenye bekari amerudi kutoka masomoni na ameleta mashine ya kukanda. Ni mashine nzuri. Ina taa ya kijani.

Uthman


Thika
18 Juni 1996

Ikhlas,

Assalaam aleikum. Sisi ni wazima. Goti ni lilelile.

Hamira itaendelea kuja, nimepanga na Musau. Usiwe na wasiwasi.

Jumanne nilikuwa Ngoliba, shambani kwa Anti yako. Mbaazi zimeshika ingawa jua ni kali. Jumatano pia nilikuwa huko. Alhamisi nilikwenda kuona kama kuna kilichobadilika. Hakuna.

Msalimie mama yako.

Uthman


Mugutha, Ruiru
7 Julai 1996

Shikamoo Mjomba,

Assalaam aleikum. Mama hajambo kabisa na sasa anamlaumu aliyemcheleweshea dawa. Anasema ni mimi.

Barua yako imekuja na stempu, kwa njia ya posta, siku tisa kutoka Thika. Ningetembea kwa miguu ningefika mara kadhaa. Musau yuko mzima? Anakuja na hamira kila Jumatano, na Tabby anasema ana afya ya kutosha kugombania nafasi ya kuegesha. Mbona hakuleta na barua kama kawaida?

Na mbaazi zinaangaliwa siku tatu mfululizo, katikati ya wiki?

Kazi yangu inaendelea. Namba za hamira zimeshuka kidogo, si kitu. Kimeng'enya kipya kimefika kikiwa baridi na Gachanja amerudi kula.

Ikhlas


Thika
2 Agosti 1996

Ikhlas,

Waaleikum salaam. Stempu za siku hizi zina picha nzuri za ndege. Nimeona niwaunge mkono watu wa posta.

Mbaazi ni mmea unaotaka kuangaliwa.

Zimeshuka kidogo kiasi gani?

Uthman


Mugutha, Ruiru
25 Agosti 1996

Shikamoo Mjomba,

Assalaam aleikum. Nyumbani wote wazima, na leo niruhusu nisikae sana kwenye salamu.

Nimekudanganya. Hazikushuka kidogo. Tangu Juni nimekamua hamira mara tisa, na hakuna hata mara moja nimefika miligramu mia mbili. Mia na sabini, mia na sitini na tano, mia na themanini. Nimebadilisha fenoli. Nimebadilisha maji, nimebadilisha chupa, nimefunga hata dirisha. Wiki iliyopita Gachanja aliweka karatasi mbili mezani, namba za zamani na namba mpya, akaniuliza kwa upole kabisa: "Ikhlas, kati ya hizi, ni gani ulipata na ni gani ulitunga?" Afadhali angenipigia kelele.

Amenipa mpaka mwisho wa Oktoba. Nikipata mia nne tena mara tatu, sawa. Nisipopata, sura nzima ya hamira inatoka kwenye tasnifu, na itambidi aiandikie kamati sababu yake. Yaani nitaandikwa mwongo, Mjomba, na mwongo hapewi wanafunzi wa kufundisha. Sikukuambia kwa sababu ulitembea kifua mbele.

Jana nilikaa nikaweka daftari langu la maabara upande huu na barua zako upande ule. Mpaka Jumatano ya tarehe 29 Mei, hamira ilikuja ndani ya mkebe, imefungwa kwa kitambaa kibichi, na namba ni mia nne. Kuanzia Jumatano iliyofuata imekuja ndani ya karatasi yake ya kiwandani, na namba ziko chini. Niliandika mabadiliko hayo kwenye daftari siku ileile. Sikuyatilia maanani, nikadhani ni karatasi tu. Na tangu siku hizo barua zako zinakuja na stempu, vichwa vyake havisemi Majengo, na wewe uko Ngoliba ukiangalia mbaazi wakati mkate unaumuliwa.

Nilimuuliza Musau. Akaniambia: "Aki wewe, mimi niulize mambo ya mkate tu. Hayo mengine uliza mzee mwenyewe." Kisha akajifanya anahesabu kreti ambazo alikuwa ameshahesabu.

Basi nakuuliza mawili. La kwanza, ile hamira ya kwenye mkebe ulikuwa unaifanya nini kabla ya kunitumia? La pili, tangu lini hauko bekari?

Nijibu hata kama ni la kwanza peke yake. Lakini nijibu, Mjomba.

Ikhlas


Majengo, Thika
6 Oktoba 1996

Kwa mpwa wangu Ikhlas,

Waaleikum salaam. Barua hii imechelewa wiki sita. Posta haina kosa. Niliandika nne kabla yake, na Anti yako amewashia jiko zote. Ya tatu ilikuwa nzuri.

La kwanza. Sikuifanya chochote. Niliiamsha tu.

Aliyenifundisha kazi hakumpa mtu hamira iliyolala hata siku moja. Alisema ukimpa mwenzako hamira bila kuona kwa macho yako kwamba iko hai, umemtukana. Kwa hivyo yako pia niliiamsha. Sikukuambia kwa sababu ni kama kumletea mgeni chai, unaosha kikombe lakini humtangazii. Wala hukuuliza. Uliuliza kama ulichoandika ni sahihi, na kilikuwa sahihi.

Inafanywa hivi. Andika kwa makini.

Chemsha viazi viwili vikubwa bila chumvi. Viazi kula au usile, unachotaka ni maji. Yaache yapoe mpaka utumbukize kiwiko usishtuke. Tia sukari vijiko viwili vya chai. Vunjavunja hamira humo, funika, na usikae ukifunuafunua. Baada ya saa tatu itakuwa na povu na itanukia kama tunda lililoiva. Isiponukia hivyo, usimpe mtu. Ikinukia, iweke kwenye barafu itulie chini, mwaga maji ya juu, iliyobaki imimine kwenye kitambaa kizito cha marekani kilichokunjwa mara tatu, ukamue polepole mpaka iwe bonge. Hapo ndipo unapima gramu zako. Ifunge kwa kitambaa kibichi, iingie kwenye mkebe.

Nilimwambia Musau aiamshe. Alisema ameelewa. Musau ni dereva.

Ningeweza kukuamshia hapa nyumbani, na najua utauliza kwa nini sikufanya hivyo. Musau angepita Majengo kila Jumatano na mkebe, majirani wangeuliza bekari imehamia kwangu lini. Niliona haya, Ikhlas. Kwa ajili ya haya yangu wewe umeitwa mwongo, na hilo limenikosesha usingizi kuliko jambo lenyewe. Nisamehe.

La pili. Tangu tarehe 31 Mei.

Ile mashine ya kukanda haitaki hamira iliyoamshwa. Unaitupa kama ilivyo, inabonyezwa kitufe. Waliniandalia soda na wakanipa saa ya ukutani. Mkate wao nimeula. Ni mweupe, umekaa sawa, hauna kosa.

Una siku ishirini na tano. Viazi viwe vya Kinangop, vya huku vina maji mengi.

Mjomba wako,
Uthman


Mugutha, Ruiru
24 Novemba 1996

Shikamoo Mjomba wangu,

Assalaam aleikum. Mama amesoma barua yako, nisamehe, ameisoma kabla yangu. Alilia, kisha akasema wewe tangu utotoni ulikuwa ukivunja kitu unakifukia uani. Anakuja Thika Jumamosi. Hakuna wa kumzuia. Anakuja na paka.

Nilimpa Gachanja barua yako yote, isipokuwa la pili. Aliisoma akiwa amesimama. Akasema inaingia akilini: hamira iliyolishwa na kuanza kukua hujenga kwa kasi, na penye ujenzi mwingi lazima mahamali wawe wengi. Akasema pia angependa kujua kwa nini hakuliwaza hilo yeye mwenyewe, tangu Juni. Nikamtafutia kiti, kwa adabu.

Mara ya kwanza nilipata mia nne na mbili. Mara ya pili mia nne na kumi na tano. Ya tatu Gachanja akasema haitakuwa na maana nikiifanya mimi, lazima mtu mwingine afuate maandishi peke yake. Mtu huyo akawa yeye. Amemenya viazi ndani ya maabara, Mjomba, akiwa na koti jeupe, na alivimenya vibaya. Alitumbukiza kiwiko. Saa tatu zote alikuwa akizunguka kile chungu na mara mbili nilimkumbusha kwamba umekataza kufunua. Ilipoanza kunukia aliniita nije nihakikishe kama ni tunda. Ilikuwa tunda. Mia tatu na tisini na nane.

Akaniomba msamaha mbele ya maabara nzima. Sikutarajia, nikaenda kuosha chupa ambazo zilikuwa safi.

Watahini nilikaa nao saa mbili na nusu siku ya Jumatano. Nimepita. Januari naanza kufundisha.

Utataka kujua ni njia ipi iliyoshinda. Ukitaka hamali mmoja, msafi, kwa haraka, na umeme ukiwepo, tumia kichupa. Ukitaka wengi kwa bei nafuu, wenye alama zao zote na wanaobeba mzigo bila kusitasita, tumia hamira, ila iamshwe kwanza. Bakteria wako katikati. Miaka miwili, kurasa mia na arobaini, na jibu ni kwamba inategemea.

Nakutumia nakala ya kurasa mbili. Moja ina maelezo yako, neno kwa neno, viazi na kiwiko, isipokuwa mtahini mmoja alitaka kiwiko kiandikwe kwa nyuzi joto, kwa hivyo nikapima kiwiko cha Gachanja. Ni nyuzi thelathini na saba. Nyingine ni ukurasa wa shukrani. Ukiona kosa, niambie kabla hawajaifunga kwa jalada gumu. Wanafunga tarehe 15.

Na mkebe ninao. Sikuurudisha. Sikujua niurudishe kwa nani.

Mpwa wako anayekupenda,
Ikhlas


Majengo, Thika
5 Desemba 1996

Kwa mpwa wangu Ikhlas, mwalimu wa chuo,

Waaleikum salaam. Mama yako amefika, amesema aliyotaka kusema, amekula, amerudi. Paka amebaki. Analala juu ya goti bovu la Anti Mwanamisi, na tangu hapo hakuna anayeruhusiwa kulisema vibaya, paka wala goti.

Kuhusu hiyo "inategemea", ungeniuliza Machi ningekuambia. Lakini usingepewa kazi.

Kurasa nimezisoma. Kwenye ukurasa wa maelezo kuna kosa moja. Umeandika "viazi viwili". Mimi nilisema viwili vikubwa. Rekebisha, mtu asije akakuharibia namba.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Musau. Nilimsimamisha barabarani, mchana, mbele ya duka. Majirani waliona. Waliuliza ninatuma nini Ruiru, nikawaambia ninajibu barua ya chuo kikuu. Mkebe mpe yeye aniletee. Wewe ukiwa mwalimu utahitaji hamira ya wanafunzi, na kumenya kwa Daktari Gachanja hakuwezi kutegemewa.

Ukurasa wa shukrani nao umeusoma Anti yako, kwa sauti. Pale palipoandikwa "Uthman, mwokaji mikate, Thika" alisimama akasema ungeandika "aliyekuwa", maana mimi siko bekari tena na kitabu cha chuo hakifai kuwa na uongo. Nikamwambia mpwa wangu alishaambiwa mara moja kwamba ametunga, na ikaonekana hakutunga.

Hapo hakuna kosa. Wafunge hivyohivyo.

Mjomba wako,
Uthman